Sahani ya Godelive Iliyotoka Osaka

Mgahawa wa Godelive na duka langu la simu vilitenganishwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba akikaanga kitunguu, wateja wangu walinunua chaja huku wakimeza mate. Mtaa wetu uko Durban, Afrika Kusini, chini ya mlima wa Berea, pale taxi, yaani daladala za huku, zinapoteremsha watu wa Cato Manor asubuhi na kuwapakia tena jioni. Watu hupita mbele ya milango kama maji ya mfereji. Mimi niliwanasa, maana kila mtu ana simu na kila simu huharibika. Godelive hakuwanasa. Walichungulia, wakaona masufuria yamefunikwa, wakauliza ndani kuna nini, wakajibiwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, wakasema eish, wakaenda kununua kuku wa kukaanga.

Wakongo wenzake walimjua na walimjazia meza Jumapili baada ya ibada. Lakini Jumapili moja haibebi siku sita zinazobaki. Mwanzoni mwa mwaka 2012 mwenye nyumba akamwambia wazi: mkataba unaisha Desemba, na kama meza zitakuwa bado tupu namna hii, hatampa mwingine. Mimi nilizijua habari hizo kabla yake, kwa sababu mtu aliyekuwa ameshaomba kile chumba ni mimi. Nilitaka kuvunja ukuta nipanue duka. Nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, asije akasikia kwa watu.

"Bon," akasema, akiendelea kumenya viazi. "Ngojea kama unangojea. Ila usilete fundi kupima bado."

Huyo ndiye Godelive. Ni mwanamke wa Uvira, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Alipofika Durban alianza na ndoo ya maandazi nje ya kanisa, akahamia wali na maharage kwa walinzi wa majumba ya Morningside. Sufuria alikuwa akilipandisha taxi na kulilipia kiti chake, nauli ya mtu mzima, ili lisimwagike mapajani mwake. Miaka kadhaa ya kulilipia sufuria nauli ndiyo iliyompa kile chumba. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kukiachia kwa sababu mimi, Machano wa simu, nataka kuvunja ukuta.

Mwezi wa nne mdogo wake, Blaise, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vipuri mjini Osaka, huko Japani, alipata mtoto wa kwanza. Mkewe ni Mjapani, anaitwa Chizuru. Blaise akamtumia dada yake tiketi, maana shangazi hawezi kuonyeshwa mtoto kwenye simu na mambo yakaishia hapo. Visa ilisumbua, tuiruke. Akamwachia mgahawa binamu yake Colette, akafunga unga wa muhogo kwenye sanduku, akaenda kukaa mwezi na nusu.

Aliyoyaona huko nimeyasikia mara nyingi, mengine ana kwa ana na mengine kupitia mbao, na hapa nayaandika baada ya kupunguza. Godelive akisema samaki alikuwa na ukubwa wa mtoto wa shule, mimi naandika urefu wa mkono.

Basi, Jumamosi moja, mtoto amelala na Chizuru kapumzika, Blaise akamwita yaya, ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa, akamwambia, "Yaya, leo nakupeleka mahali watu wa huku wanaenda kujisahau."

Wakapanda treni hadi kituo kinachoitwa Namba, wakapanda ngazi kutoka chini ya ardhi, wakatokea juu kwenye watu. Godelive amewahi kuona watu. Ameona stendi ya taxi mwisho wa mwezi. Lakini hapo alimshika Blaise mkanda wa begi na hakuuachia. Barabara ndefu ilikuwa imeezekwa paa kuanzia mwanzo hadi mwisho, maduka yamebanana bega kwa bega pande zote mbili, viatu, mikoba, vipodozi, miwani, muziki tofauti kwenye kila mlango, na watu wanapita katikati kwa maelfu bila mmoja kumkanyaga mwenzake. Mbele kidogo kulikuwa na mfereji wa maji, majengo yamesimama ukingoni yakiwa yamevaa taa kutoka juu hadi chini, mchana kweupe zinawaka. Juu ya mlango wa mgahawa mmoja kulikuwa na kaa mkubwa kama gari, anachezesha miguu polepole. Mbele yake pweza. Mbele yake samaki aliyevimba kama puto.

"Kwa nini hawaandike tu jina?" aliuliza.

"Wameandika. Kaa ndiyo jina."

Kulikuwa na kumbi zenye makelele ya vyuma ambayo hata stendi yetu haina. Blaise akamwambia humo watu wanacheza kamari ya vigololi. Godelive akachungulia. Akaona watu wamekaa safu kwa safu mbele ya mashine, hakuna anayecheka, hakuna anayezungumza, mkono mmoja umeshika kitasa.

"Hawa wanafanya kazi," alisema. "Bosi wao iko wapi?"

Kitu kimoja tu kilimtuliza. Vijana wenye nywele za rangi ya chai walisimama nje ya maduka na vibao mkononi, wakiita wateja kwa sauti zilizokauka. Hiyo kazi aliifahamu. Nje ya saluni zetu Durban wapo wasichana kama hao, wanakuvuta mkono unataka usitake. Wa Osaka hawakuvuta. Waliita, wakapuuzwa, wakainamisha kichwa kushukuru kupuuzwa, wakamwita mwingine.

Kisha akaviona vyakula.

Mbele ya kila mgahawa kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake chakula kimepakuliwa tayari: mabakuli ya tambi na mchuzi, yai limekatwa katikati kiini kikiwa bado kinang'aa, kamba wa kukaanga, wali na nyama juu yake, hata glasi ya bia na povu. Vyote wazi, bila kifuniko. Godelive akachukia.

"Blaise. Hii chakula iko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu miaka mingi, yaya."

"Usinicheke. Wanaacha chakula hivi, nzi je?"

"Nzi atakula nini? Iko plastiki."

Hakuamini. Aliinama mpaka pua ikaacha alama kwenye kioo. Ilikuwa na kila kitu, mafuta juu ya mchuzi, majani ya kitunguu, kasoro za nyama. Kwenye bakuli la mwisho vijiti viwili vya kulia vilikuwa vimening'inia hewani vimenyanyua tambi, na hakukuwa na mkono. Hapo ndipo aliposadiki, maana hata Japani tambi hazijinyanyui zenyewe.

Akiwa bado ameinama, mlango ukafunguka. Wakatoka Wazungu wawili, mume na mke, na msichana mhudumu nyuma yao. Hawakuwa na neno hata moja la Kijapani na yule msichana hakuwa na neno lao. Mume akaonyesha kidole bakuli la kwanza. Mke akaonyesha sahani ya tatu. Msichana akainama, wakarudi ndani kula. Basi. Biashara imeisha.

Godelive alibaki pale. Wakatoka wengine, wakaonyesha, wakarudi. Blaise akaenda kununua vitumbua vya pweza, akarudi navyo, akala vyote kwa kuwa dada yake hakunyoosha mkono.

"Unaangalia nini, yaya?"

"Naangalia Wazulu."

"Wazulu wapi?"

"Wale wa kwetu Durban. Wale wanachunguliaka halafu wanaenda." Akajinyoosha mgongo. "Wanauza wapi hivi vitu?"

Vinauzwa karibu tu. Nyuma ya makelele hayo kuna mtaa mwembamba wenye paa, na humo wanauza vya jikoni peke yake: visu, masufuria ya kupikia kijiji kizima, taa za karatasi za kuning'iniza mlangoni. Godelive aligusa kila sufuria. Katikati ya mtaa wakapata duka la vyakula vya uongo, na ndani yake mzee amevaa aproni, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

Hakuwa na sombe. Hakuwahi kuisikia. Alileta mchicha wa plastiki, Godelive akausukuma. Alileta samaki, walikuwa wamekatwa vipande kama vya kumlisha mgonjwa. Ikabidi Blaise aeleze. Mzee akasema anaweza kutengeneza chochote kinacholiwa, akataja bei. Kwa bei hiyo hapa Durban unapata friji la mtumba, tena lenye mlango wa juu.

"Mwambie nusu," alisema Godelive.

"Yaya, huku hawapunguze."

"Wewe tafsiri. Kupunguza ni kazi yangu."

Blaise akatafsiri, masikio yamemwiva. Mzee akavuta hewa kwa meno, akatabasamu, akasema ni vigumu kidogo.

Basi Godelive akafanya ambacho mimi au wewe tungefanya. Alitoka. Na kutoka dukani kuna namna yake: unarudisha kitu mahali pake kwa upole, unajifunga kitenge upya, unatembea kama mtu mwenye duka lingine akilini, mlangoni unasimama kidogo ili mgongo wako uonekane. Durban mgongo haujafika barabarani mtu ameshapiga kelele, mama, mama, njoo tuongee. Mimi mwenyewe nimeshamkimbilia mteja hadi kwenye robot, yaani taa za barabarani, imewaka nyekundu, nikamshukuru Mungu kwa taa.

Mzee alitoka nyuma yake kweli. Godelive akamsikia, akafurahi moyoni, akapunguza mwendo. Mzee akasimama mlangoni, akainama hadi kiunoni, akasema maneno marefu.

"Anasema nini?"

"Anashukuru kwamba tulifika."

Wakaendelea. Akageuka: mzee bado ameinama. Wakatembea tena, akageuka: bado.

"Huyu mtu ananifukuza na heshima," alisema Godelive.

Walifika mwisho wa mtaa. Hakuna aliyeita. Akanunua mwiko wa mbao asiouhitaji ili mikono ipate la kufanya, akafikiria meza zake, akafikiria Desemba, bila shaka akanifikiria na mimi. Kisha akageuza. Mzee alipowaona akawakaribisha kwa sauti ya juu, ileile ya mara ya kwanza, kana kwamba hajawahi kuwatia machoni.

"Mwambie nalipa bei yake," alisema Godelive. "Lakini nataka bansela."

Bansela ni neno tulilojifunza kwa Wazulu. Ni ile nyongeza anayotiwa mnunuzi juu ya alichonunua, nyanya moja ya ziada, pipi ya mtoto. Blaise hakulijua kwa Kijapani, akaanza kuzunguka nalo kwa mikono. Kabla hajamaliza, mzee akapiga makofi akacheka. Kumbe na wao wanayo, ina jina kabisa. Akamwonyesha rafu ya vitu vidogo achague kimoja. Godelive akachagua kipande cha ndimu.

Bei haikushuka hata senti, na alitoka pale ameridhika. Mimi nilipoisikia habari hiyo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi na kile chumba. Mtu anayejua kuhamia upande mwingine ukuta ukimkatalia, huyo si wa kumngojea Desemba.

Kulikuwa na sharti moja. Mzee hakuweza kubuni. Alitaka chakula chenyewe, kimepikwa, kimepakuliwa kama kinavyouzwa, ili akimwagie dawa inayoganda na kutoa umbo lake. Baada ya siku mbili wamletee.

Na hapo ndipo Godelive alipokosea, na ni kosa ambalo Mjapani asingelifanya.

Durban sahani yake ilikuwa hivi: bonge moja la fufu, ugali wa unga wa muhogo, upawa mmoja wa sombe, nusu ya samaki mdogo. Hiyo ndiyo biashara, na hakuna aliyekufa njaa. Lakini kule Osaka hakuwa anapika kwa ajili ya biashara. Alikuwa anapika nyumbani kwa mdogo wake, mtoto kazaliwa, mzee wa watu anangojea kuonja kwa macho, na jina la kwao liko juu ya sahani. Blaise akaleta majani ya muhogo yaliyogandishwa kutoka duka la Waafrika la Kobe. Godelive mwenyewe akachagua samaki sokoni, mwekundu, mzima, wa urefu wa mkono. Akasonga fufu mabonge mawili, akamwaga sombe hadi ikagusa ukingo wa sahani, akamlaza samaki juu, kichwa kimetoka huku na mkia umetoka kule, akapanga ndizi za kukaanga pembeni.

Chizuru, mtoto begani, aliitazama sahani kwa muda, akamwuliza jambo mumewe.

"Anauliza kama hivi ndivyo unauza."

"Hivi ndivyo ninapikiaka wageni."

Chizuru akasema tena, kwa upole.

"Anasema huku kilicho kwenye kioo na kinachofika mezani lazima vilingane. Mteja anaangalia."

"Mwambie asiogope, wifi yangu. Mteja wa Durban akiona kidogo anaomba aongezwe. Na mimi namwambia kesho."

Alipoenda kwa mzee kuichukua ile ya plastiki kabla ya kusafiri, hakuna alichoweza kukitoa kasoro. Mafuta ya mawese yanang'aa juu ya sombe. Jicho la samaki linakuangalia. Fufu ina alama ya mwiko. Godelive aliinusa, kisha akaangalia kama kuna aliyemwona akinusa.

Uwanja wa ndege wa Durban mwanamke wa ushuru akafungua sanduku, akasema chakula kilichopikwa hakiingii nchini. Godelive hakubishana. Alimshika samaki mkia, akanyanyua sahani nzima juu, akaipindua. Hakikuanguka kitu. Yule mwanamke akapiga yowe, halafu akawaita wenzake wote, na foleni ikasimama hadi kila mmoja alipompigapiga samaki kwa kucha.

Fundi akamtengenezea kabati la kioo, likawekwa dirishani, sahani ndani, ndimu pembeni. Siku ya kwanza watu walisimama. Siku ya pili waliita wenzao. Siku ya tatu akaingia Bab' Ngidi, dereva wa taxi ya Cato Manor, mtu mnene mwenye sauti ya kushindana na injini. Walizungumza Kizulu kibovu cha Godelive na Kiingereza cha Ngidi; nayaweka kwa Kiswahili.

"Hii ya kijani ni nini, mama?"

"Majani ya muhogo."

"Ni kama imifino hii! Mama yangu alipika imifino. Na hii nyeupe?"

"Kama pap yenu ya mahindi, lakini laini."

"Sharp. Nipe."

Akapewa: bonge moja, upawa mmoja, nusu ya samaki mdogo. Alianza kula kwa furaha. Katikati akasimamisha mkono. Akaangalia dirishani. Akanyanyuka na sahani yake, akatoka nje, akaishikiza kwenye kioo mkabala na ile nyingine, mbele ya foleni yote ya taxi.

"Mama! Samaki wangu amebakiza mwili wapi?"

Mtaa mzima ukacheka. Ndani alikuwa amekaa Pontien, mlinzi wa magari, mzee wa kanisa la Godelive, ambaye tangu mgahawa ufunguliwe amekula nusu samaki bila neno. Naye akatoka na sahani yake, akapima.

"Mama Gode," akasema, sauti ya mtu aliyefiwa, "mi ninakulaka hapa kila Jumapili. Kumbe kulikuwa samaki muzima na ulikuwa unatuficha?"

"Ile ni ya kuonyesha, papa Pontien!"

"Inaonyesha nini? Inaonyesha vile ulitunyima."

Kuanzia siku hiyo ikawa mchezo. Kila aliyepakuliwa alitoka kupima. Waliotoka hawakuwa wakali, walikuwa wanafurahi, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu mtu mkali utamjibu. Godelive akapunguza kiburi akaanza kutoa sahani kama ya dirishani kwa bei ileile. Basi meza zikajaa! Mwenye nyumba akipita anatikisa kichwa kwa furaha. Lakini mimi niliwaona samaki wakiingia kwa mlango wa nyuma, boksi baada ya boksi, na nikajua sufuria linakula faida yote na kuramba ukingo. Akiendelea hivyo atafika Desemba meza zimejaa na hana cha kulipia chumba. Akirudisha nusu samaki, watarudi kwenye kuku. Nilipiga hesabu hivyo na hivyo, zote zilinipa chumba mimi. Nikamwita fundi apime, lakini upande wangu wa ukuta.

Mwezi wa kumi akaja mlangoni kwangu, ile sahani imebebwa kifuani.

"Machano, uko na msumeno wa chuma?"

"Wa nini?"

"Namkata huyu samaki. Na bonge moja natoa. Ibaki vile ninauza."

Msumeno ninao, siwezi kufungua simu zingine bila huo. Tukaweka sahani juu ya kaunta. Yeye akashika msumeno, mimi nikashika mkia. Sikuwa na sababu ya kukataa. Meno ya msumeno yalikuwa yamegusa mgongo wa samaki, Bab' Ngidi akaingia na madereva watatu, simu yake mkononi imepasuka kioo.

"We mama! Unamchinja mara ya pili?"

"Nyinyi ndiyo mmeniletea hii yote," Godelive akasema bila kunyanyua kichwa. "Mnapima, mnapima, kama mafundi cherehani."

"Ngoja kwanza. Hiyo yenyewe, kama ilivyo hapo, nzima, unauza kiasi gani?"

Godelive akanyanyua kichwa. Nilikuwa nimesimama karibu, niliuona uso wake. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Kila mtu alikuwa amedai sahani ya dirishani kwa bei ya sahani ya mezani. Na yeye mwenyewe, na mimi pamoja naye, hatukuwahi kuifikiria kama kitu chenye bei yake.

"Hii?" akasema polepole. "Hii si ya mtu mmoja."

"Tuko wanne."

"Basi bei ya sahani nne."

"Eish, mama! Sahani inayoletwa ni moja, ya kuosha ni moja, tunakula kwa mkono kama nyumbani. Mbili."

"Wanne wenye mikono kama hiyo yako? Angalia kidole chake, Machano, ni ndizi. Tatu na nusu."

"Mbili na nusu, na mimi nawaleta madereva wote wa mstari wetu."

"Utawaleta hata nikikutoza tano, unapenda kula. Tatu. Na fufu nawaongeza."

"Tatu," akasema Ngidi, akawageukia wenzake. "Mmesikia. Fufu anaongeza."

Alinirudishia msumeno hapohapo. Mkwaruzo kwenye mgongo wa samaki upo hadi leo, ukiangalia vizuri.

Hesabu yake ilikubali, nilimpigia mwenyewe baadaye kwa kuwa sikutaka kuamini. Samaki mkubwa anayenunuliwa mzima ni nafuu kuliko wadogo wawili, unga wa fufu si ghali, na watu wanne kwenye sahani moja wanachukua meza moja na kuondoka pamoja. Akabandika karatasi kwenye kioo: *Watu wanne*. Sahani ya mtu mmoja akairudisha kama zamani, bonge, upawa na nusu samaki, na hakuna aliyetoka tena kupima, kwa sababu ile ya dirishani sasa ni chakula kingine. Hata Pontien alikubali, ingawa alinuna hadi alipopata watatu wa kula nao.

Desemba mwenye nyumba akampa mkataba wa miaka miwili. Mimi nilichukua chumba mtaa wa nyuma, cha bei zaidi, na dirisha halielekei stendi. Nimelisema hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linaniuma. Biashara ni biashara, na chumba chake amekipigania vizuri.

Jumamosi mchana nafunga duka kwa saa moja naenda kula. Sharti lake halibadiliki: kama hamjafika wanne, dirisha haliuzwi. Mimi, fundi wangu Baudouin na mzee Pontien tunatimia watatu, na wa nne tunamwokota njiani. Juzi tulikuwa tumekaa tunangojea, mikono imeshaoshwa, Pontien analalamika njaa, na nje kulikuwa na msichana wa chuo kutoka huko juu Berea, begi mgongoni, amesimama kwenye kioo anaangalia jicho la samaki. Godelive akatoka, akamshika mkono, akamleta hadi mezani kwetu kabla hajajua kilichotokea.

"Sogeeni," akatuambia. "Wa nne huyu. Machano, mwonyeshe maji ya kunawa."